"Si Zote ni Singer?" Dhana Inayoua Cherehani za Zamani

Hakuna maneno yaliyoua cherehani nyingi za urithi kuliko haya: "Fundi, hii ni Singer na ile ni Singer, chomoa spea huko weka huku." Husemwa kwa uhakika kabisa, mara nyingi na mtu aliyeshika mfuko wa vipande vilivyong'olewa kwenye mashine ya jirani. Spea inakataa kuingia, tupa ya kusugulia chuma inatolewa, na jioni kuna mashine mbili mbovu mahali palipokuwa na moja.

Dhana: viwanda vya Marekani vilitoa vipande vinavyobadilishana tangu mwanzo

Wengi wanaamini kwamba chochote kilichotoka kiwanda cha Marekani cha karne ya 19 kilifanana na mwenzake kama shilingi kwa ya pili. Si kweli kwa viwanda vile kwa jumla, na kwa Singer ndiyo kabisa.

Mzizi wa uongo huu ni Eli Whitney, yule wa mashine ya kuchambua pamba. Mwaka 1798 alitia saini mkataba wa kuiuzia serikali bunduki 10,000, zikabidhiwe ndani ya miaka miwili na kidogo. Januari 1801 alikwenda Washington, akatandaza vipande vya mtambo wa kufyatulia mbele ya wakubwa, akaonyesha jinsi vinavyoingiliana. Wakubwa wakaridhika, na hadithi ikaanzia hapo. Bunduki za mwisho alizikabidhi mwaka 1809. Zile zilizobaki zilipokuja kufunguliwa na wataalamu, vipande vyake havikubadilishana, na vingine vilikuwa na alama ya bunduki yake. Kipande kinachobadilishana hakihitaji alama. Ukiikuta alama, jua kuna fundi aliyekipiga tupa mpaka kikae mahali pamoja tu duniani.

Kazi yenyewe ilifanywa na watu wasioimbwa. John Hall, katika karakana ya silaha ya Harpers Ferry, aliitumia miaka ya 1820 kutatua tatizo ambalo Whitney alilipitia juu juu. Kanuni yake ilikuwa kwamba kila mkato kwenye kipande upimwe kutoka sehemu ileile moja ya kuanzia. Ukipima mkato wa pili kutoka wa kwanza, na wa tatu kutoka wa pili, kosa la unywele linazaa kosa la unywele jingine, na ukifika wa sita kipande hakiingii. Juu ya hapo alitengeneza geji, yaani vipimo vya kuhakikisha ukubwa wa kipande, kwa makumi, za kukagulia kazi kila hatua. Kufikia 1834 Simeon North, kule Connecticut, alikuwa anatoa bunduki za muundo wa Hall ambazo vipande vyake viliingia kwenye zile za Harpers Ferry. Hapo ndipo unaweza kusema "vinabadilishana" bila kuona haya. Ilikuwa ghali kupindukia, na iliwezekana kwa sababu mlipaji alikuwa serikali.

Sasa njoo kwenye cherehani. Kampuni ya Wheeler & Wilson ya Bridgeport, Connecticut, ilichukua mafundi waliolelewa kwenye kiwanda cha bunduki cha Colt, nao wakaja na geji zao. Willcox & Gibbs waliipa kazi ya kutengeneza cherehani zao kampuni ya Brown & Sharpe ya Providence mwaka 1858, nayo ikaanza kwa kutengeneza vishikizo vya kushikilia kipande kinapokatwa na geji kabla ya kuuza mashine hata moja. Singer hawakufuata njia hiyo. Wao walimimina chuma, wakatoboa, kisha wakaweka safu ya mafundi wenye tupa kuoanisha vipande kwa mkono.

Kwa nini hawakujali? Kwa sababu walikuwa wanauza. Edward Clark, mwanasheria aliyekuwa mshirika wa Isaac Singer, alianza mwaka 1856 kuuza cherehani kwa malipo ya awamu, na kampuni ikajaza miji maduka yake yenyewe, yenye mafundi na wafundishaji. Mteja aliyelipa kidogo kidogo hakuuliza kama skrubu yake inaingia kwenye mashine ya jirani. Mwaka 1863 waliajiri Lebbeus Miller kutoka kiwanda cha silaha ili alete nidhamu ya geji, na mwaka 1873 wakafungua kiwanda kikubwa cha Elizabeth, New Jersey. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakitoa karibu nusu milioni ya mashine kwa mwaka, tupa bado zilikuwa zinalia kwenye chumba cha kuunganishia.

Moto nao ulichangia. Fimbo ya sindano na vipande vingine vinavyosuguana lazima vikazwe kwa moto ili visilike, na chuma kikikazwa hupinda kidogo. Kwa hiyo vipande vilioanishwa vikiwa bado laini, vikagongwa namba ya mashine, vikafunguliwa, vikapelekwa motoni, kisha kila kimoja kikarudishwa kwa wenzake wa namba ile. Dawa ya kudumu ilikuwa kusaga kipande *baada* ya moto. Mashine ya kusagia ya Brown & Sharpe, iliyozaliwa kutokana na kazi hiyohiyo ya cherehani, ilionyeshwa Philadelphia mwaka 1876, lakini viwanda havikuipokea kwa siku moja.

Kwa hiyo, kama mashine yako ni ya miaka ya 1860 au 1870, kwa mfano ile ndogo iitwayo New Family (modeli 12), namba zilizogongwa kwenye vipande si pambo. Fungua mashine moja kwa wakati mmoja. Kila skrubu irudi kwenye tundu ililotoka, kwani hata meno ya skrubu za Singer ni ya kwao wenyewe: skrubu ya milimita ukiilazimisha itakula tundu, na hapo umeharibu mwili wa mashine. Bisibisi ijae kwenye mfereji wa skrubu kwa upana na kwa unene.

Na kabla hujasema "spea imekwisha", mashine iliyokwama mara tisa kati ya kumi haihitaji spea. Imegandwa na mafuta, hasa kama mtu aliwahi kuipaka mafuta ya kupikia, ambayo hukauka yakawa kama vanishi. Tia mafuta ya taa kila tundu la mafuta na kila kiungo, iache usiku kucha, asubuhi zungusha gurudumu kwa mkono mbele na nyuma, kidogo kidogo. Ikilegea, futa, kisha tia mafuta ya cherehani. Tupa iache kabatini.

Mashine za baadaye ni afadhali, lakini "zinabadilishana" maana yake ni ndani ya modeli ileile. Modeli 15, 27, 28, 66 na 99 zinatumia sindano za aina moja, HAx1. Bobini ni mambo mengine. 27 na 28 zina bobini ndefu inayokaa ndani ya chombo chenye umbo la mashua. Ya 15 ni ya duara na bapa pande zote mbili, ya 66 ni ya duara iliyobinuka kidogo. Hizo mbili kwa macho ni mapacha, na hapo ndipo uzi wa chini unapoanza kukatika. Modeli 12 ina sindano yake ambayo dukani hutaiona, kwa hiyo ulizia sindano kabla ya kuinunua mashine.

Dhana: Singer ndiye aliyevumbua cherehani

Hapana. Thimonnier wa Ufaransa alipata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) mwaka 1830, Elias Howe wa Marekani mwaka 1846, Singer mwaka 1851. Mwaka 1856 Singer, Howe, Wheeler & Wilson na Grover & Baker waliacha kushtakiana, wakaziweka hataza zao chungu kimoja na kutoza ada watengenezaji wengine wote.

Dhana: tarehe zilizochorwa kwenye bamba ndizo mwaka wa kutengenezwa

Hizo ni tarehe za hataza. Mwaka hutafutwa kwa namba ya mashine iliyo juu ya kitako.

Dhana: Singer yangu ni ya Marekani

Angalia namba. Ikianza na herufi moja tu, F, J, S au Y, au herufi mbili za kwanza zikiwa EA, EB, EC na kuendelea, imetoka Clydebank, Scotland, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1885. G ni Elizabeth, C ni Ujerumani, JA na ndugu zake ni Kanada. Ya Clydebank si duni hata kidogo.

Dhana: ndani kuna zebaki nyekundu

Mwaka 2009 uvumi kwamba sindano za Singer zina zebaki nyekundu, kitu cha kufikirika kinachodaiwa kuwa na thamani kubwa, uliwapandisha watu wazima wazimu huko Saudia, mashine kuukuu zikanunuliwa kwa makumi ya maelfu ya riali, huku wanunuzi wakizipima kwa simu ya mkononi. Ndani kuna chuma cha kumimina, chuma kilichokazwa kwa moto na mafuta yaliyoganda. Anayekuja na simu kupima sindano yako, mfungie mlango.