Kuziba Jino Bila Mashine: Maswali na Majibu Kuhusu Mchango Uliotoka Tanzania

Swali: Ni mchango gani wa Tanzania unaotajwa katika historia ya tiba ya meno duniani?

Ni njia ya kuziba jino lililotoboka kwa kutumia vifaa vya mkono peke yake, bila mashine ya kuchimba, bila umeme na bila maji ya bomba. Ilianza katikati ya miaka ya 1980 chini ya mpango wa huduma za msingi za kinywa wa shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati ambapo mgonjwa wa kijijini mwenye jino bovu alikuwa na njia moja tu, nayo ni kung'olewa. Jina linalotajwa zaidi ni la Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi nchini. Njia hiyo ilifanyiwa majaribio katika jamii huko Thailand mwaka 1991, baadaye Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani iliyohusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaipa uzito wa kimataifa. Wataalamu huiita ART, kifupisho cha Kiingereza cha “Atraumatic Restorative Treatment”, yaani kuziba jino bila kulijeruhi.

Swali: Hufanyikaje bila mashine?

Mgonjwa hulala chali kwenye meza au benchi, hata ikiwa ni darasani. Mhudumu huzungushia jino pamba ili lisilowe mate, hupanua mdomo wa tundu kwa kifaa chenye ncha kali, kisha hukwangua sehemu laini iliyooza kwa kijiko kidogo cha chuma na kuiacha ile iliyo ngumu. Kwa kuwa hakati sehemu ya jino isiyooza, mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki, jambo ambalo kwa mtoto ni nusu ya tiba. Baada ya hapo huchanganya unga na majimaji ya dawa ya kuzibia iitwayo glasi ayonoma, ambayo hushikamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo, na kuijaza ndani ya tundu. Hatua inayofuata ndiyo inayoonyesha werevu wa njia hii: mhudumu hupaka mafuta ya mgando kwenye kidole chenye glovu, akaibana dawa kwa nguvu juu ya gego, hivyo ikaingia pia katika mifereji ya jirani ambayo haijaoza bado lakini hunasa chakula. Mgonjwa hutakiwa asile kwa muda wa saa moja.

Swali: Jino lililozibwa hivyo hudumu?

Inategemea tundu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kwa meno ya utoto yenye tundu la upande mmoja, takribani asilimia 93 yalibaki salama baada ya miaka 2, lakini tundu lilipohusisha pande zaidi ya moja, kiwango kilishuka hadi takribani asilimia 62. Kwa hiyo anayeahidi kwamba njia hii inafaa kila jino anaikosea haki.

Swali: Ni wakati gani haifai?

Jino likiwa na usaha au uvimbe, au likiuma lenyewe usiku bila kuguswa na chakula, mgonjwa apelekwe kwa daktari wa meno. Uvimbe unaoambatana na homa, au unaozuia kumeza au kufungua kinywa, ni dharura.

Swali: Nani hasa anastahili kutambuliwa kwa mchango huu?

Mgunduzi anastahili, na hakuna ubishi. Hata hivyo, kwa maoni yangu tuzo za fani hii huelekea mno kwa maprofesa na kliniki za mijini, ilhali njia yenyewe ilibuniwa ili itumike pale wasipofika. Tabibu wa meno wa kituo cha afya anayefunga vifaa vyake kwenye begi na kwenda shuleni ndiye anayeifanya iwe tiba badala ya makala. Pamoja naye yumo mwalimu anayesimamia upigaji mswaki kwa dawa yenye floraidi na kuzuia pipi na soda zisiuzwe katika duka la shule, maana bila yeye matundu mapya yatazidi kasi ya kuzibwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba karibu watu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa; madaktari pekee hawawezi kuwafikia.

Wapo pia wataalamu wa maji. Katika baadhi ya maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, floraidi katika maji hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na shirika hilo, na watoto huota meno yenye madoa ya kahawia. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na sijui kwa nini kazi hiyo husahaulika linapozungumzwa suala la meno.

Swali: Halmashauri ikitaka kumpongeza mhudumu wake wa kinywa, itazame nini?

Ianze na rejesta. Idadi kubwa ya wagonjwa waliohudumiwa haina maana sana iwapo karibu wote waling'olewa. Kinachofaa kulinganishwa ni meno yaliyozibwa na yale yaliyong'olewa, mwaka hadi mwaka, na ni mangapi kati ya yaliyozibwa yamebaki mazima baada ya mwaka mmoja. Kabla ya kumnyima mtu cheti, iangaliwe pia leja ya stoo. Glasi ayonoma iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, sambamba na dawa ya meno yenye floraidi, kwa hiyo kituo kina msingi wa kuiomba. Ikiwa kiliomba na hakikuletewa kwa miezi kadhaa, maelezo yanapaswa kutolewa na ofisi iliyopokea maombi hayo.