Rangi ya chini: kwa nini krimu mbili zinazofanana dukani zinaachana ukutani

Kwenye kadi ya rangi, krimu mbili zinaweza kufanana hadi ukamwambia muuzaji akupe yoyote. Zikishapakwa, moja ni ya njano na nyingine ina ukijani. Huo mwelekeo uliojificha ndani ya krimu, kijivu au nyeupe isiyo nyeupe kabisa ndio rangi ya chini.

Inatokana na matone. Mashine ya kuchanganyia huanza na rangi nyeupe, kisha hudondosha njano kidogo, nyekundu, nyeusi. Njano ikikutana na nyeusi huzaa ukijani. Wekundu ukizidi, krimu huelekea pichi. Kadi ikiwa peke yake huoni kitu. Ziweke zote mbili juu ya karatasi nyeupe, zigusane, na tofauti itajitokeza.

Kuna na suala la mwanga, na hapo ushauri wa mtandaoni hutupoteza. Ulaya husema chumba cha dirisha la kaskazini hakipati jua, kipakwe rangi yenye joto, yaani inayoelekea njano au nyekundu. Kwao sawa, jua lao la mchana liko kusini. Kwetu Mwanza ni kama nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta: tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana hukaa kaskazini, miezi iliyobaki kusini. Dirisha lilelile la kaskazini hupata jua Juni, likalikosa Desemba. Sisi tuangalie zaidi magharibi. Sebule inayotazama ziwa upande huo hupigwa na jua la saa kumi na moja jioni, na krimu ya njano hapo hugeuka siagi. Na kwa nyumba za milimani, kama Mabatini au Igogo, dirisha likitazamana na jabali, mwanga unaoingia umeshagonga jiwe kwanza, ukachukua rangi yake.

Nunua kopo dogo la kila rangi, paka vipande viwili vya hadibodi mikono miwili, yaani mara mbili, na usihukumu kabla havijakauka, maana rangi ya maji hukolea kidogo ikikauka. Fundi atataka kujaribia ukutani. Mkatalie, rangi ya zamani itakudanganya macho. Visimamishe vipande karibu na vigae, kwani vigae hubadilishi, uvitazame asubuhi, jioni, na usiku taa ikiwaka. Taa nyeupe ya kibuluu huukoleza ukijani.

Zote mbili zikiendelea kukupendeza, chukua ile ambayo duka lina ndoo za kutosha, zichanganywe siku moja.