Mfupa wa Taya Ulioharibiwa na Dawa: Tiba Saidizi Zina Nafasi Yake

Wagonjwa wengi wanaofika kitengo chetu huuliza kwanza watapata wapi oksijeni ya mgandamizo, yaani kuvuta oksijeni ndani ya chumba chenye shinikizo la juu. Ukiwauliza walichomwa lini sindano ya mwisho ya mifupa, hawakumbuki. Kwetu sisi tarehe hiyo ndilo jambo la kwanza kujua.

Tunazungumzia bisfosfoneti na denosumabu, dawa za kulinda mifupa ambazo kwa baadhi ya watu huua mfupa wa taya. Ugonjwa huthibitishwa mfupa ukikaa wazi kinywani, au ukiguswa kwa kifaa kupitia tundu la ufizi, kwa zaidi ya wiki 8, na taya liwe halijawahi kupigwa mionzi. Njoo na majina ya dawa zote, tarehe za dozi, barua ya daktari aliyekuandikia na picha za zamani za meno. Pakikosekana kimoja, tutakurudisha ukakilete, na hatufanyi hivyo kwa ukaidi: mpango wa upasuaji hutegemea hayo.

Msingi wa tiba ni usafi wa kinywa, kusukutua kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu kinywani), antibayotiki panapo usaha, dawa za maumivu, na kuondoa mfupa uliokufa inapobidi. Tiba saidizi huongezwa juu ya hayo. Pentoksifilini pamoja na vitamini E hutumika kusaidia mzunguko wa damu, lakini pentoksifilini haimfai mtu aliyetoka kuvuja damu kwenye ubongo. Teriparatidi huchochea mfupa mpya, na inaweza kumfaa mwenye udhaifu wa mifupa. Mwenye saratani iliyoingia kwenye mifupa hapewi. Utando wa chembe sahani (chembe zinazogandisha damu) kutoka damu yako mwenyewe huwekwa kwenye kidonda wakati wa upasuaji. Leza hafifu na oksijeni zimewasaidia baadhi, ila ushahidi wake bado ni mwembamba, na hakuna hata moja inayoondoa mfupa uliokwisha kufa.

Tafadhali, usiache dawa ya mifupa kwa uamuzi wako. Hili tumelirudia mno. Kwa anayetibiwa udhaifu wa mifupa, hatari ya taya kuoza haifiki mtu 1 kati ya 100, ilhali anayeruka denosumabu, ambayo huchomwa kila miezi 6, anaweza kuvunjika pingili kadhaa za uti wa mgongo. Bisfosfoneti nazo hubaki mfupani kwa miaka, kwa hiyo kuziacha wiki moja kabla ya kung'oa jino hakubadilishi kitu.

Na kipande cha mfupa kikichomoza ufizini, usikivute kwa koleo nyumbani. Kiache, sukutua, uje.