Udahili na Masharti ya Kuhitimu Shahada ya Uzamili ya Sayansi ya Siasa

Kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa si haki ya waliosomea fani hiyo peke yao. Wahitimu wa sheria, historia, uchumi na sosholojia hudahiliwa pia, ingawa idara inaweza kuwataka wapitie kwanza kozi chache za msingi. Linalotangulia ni ufaulu wa shahada ya kwanza: vyuo vingi vya Marekani hutaka wastani usiopungua 3.0 katika kipimo cha 4.0, na vile vinavyofuata mfumo wa Uingereza kwa kawaida hutaka daraja la pili, mara nyingi la juu.

Mwombaji huambatisha nakala rasmi ya matokeo, uthibitisho wa kumudu lugha ya kufundishia na barua mbili au tatu za mapendekezo. Barua ya mhadhiri aliyesahihisha kazi zako ina uzito kuliko ya mkubwa serikalini anayekufahamu kwa jina tu.

Hata hivyo, waombaji wenye alama zinazokaribiana hutenganishwa na maelezo ya nia ya masomo, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Anayeandika kwamba anapenda siasa tangu utotoni na anataka kuchunguza demokrasia hajasema lolote la kumsaidia msomaji wa ombi lake. Anayeuliza kwa nini vyama vya upinzani huungana katika uchaguzi mmoja na kushindwa kuungana katika unaofuata, ilhali sheria ni zilezile, ameonyesha swali linalotafitika, na idara inaweza kupima mara moja kama ina msimamizi anayelimudu.

Akishadahiliwa, mwanafunzi hukusanya krediti, yaani vipimo vya uzito wa kila kozi: aghalabu 30 hadi 36 Marekani, na 60 hadi 120 katika mfumo wa Ulaya, ambako mwaka mmoja wa masomo ya kutwa huhesabiwa krediti 60. Kozi za lazima hugusa nadharia za siasa, siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa na mbinu za utafiti. Hizo za mbinu, hasa takwimu, ndizo zinazoogopwa na kuahirishwa, jambo ambalo si la busara, kwa kuwa pendekezo la utafiti haliandikiki vizuri kabla mwandishi hajajua data yake ataichambuaje.

Tasnifu, yaani andiko refu la utafiti wa mwanafunzi mwenyewe, huanza na pendekezo linaloidhinishwa na idara. Utafiti unaohusisha mahojiano au hojaji huhitaji pia kibali cha maadili kabla ya kukusanya data, na kibali hicho huweza kuchukua wiki kadhaa, hivyo kiombwe mapema. Kazi ikikamilika hupelekwa kwa watahini, na katika vyuo vingi mwanafunzi huitetea mbele ya jopo.

Zipo programu zinazoruhusu mtihani wa jumla au kozi za ziada badala ya tasnifu. Njia hiyo humfaa anayelenga kazi za utawala au sera. Anayekusudia kuendelea na uzamivu aandike tasnifu, kwa sababu kamati za udahili wa ngazi hiyo hutafuta ushahidi kwamba mwombaji amewahi kuubeba utafiti mwenyewe hadi mwisho.