"Mama amesafiri"

Kuna mtu mmoja ambaye kila akisikia honi ya basi la mkoani alfajiri, jasho humtoka viganjani. Alidhani ni presha. Akapima hospitalini mara tatu, hakukutwa na kitu, mwisho akaletwa kwangu, mimi mnasihi. (Mengine nimeyabadilisha ili asitambulike, naye ameniruhusu nisimulie.)

Kikao cha tatu ndipo aliposema. Alikuwa na miaka 6 mama yake alipofariki. Siku ya maziko alipelekwa kwa jirani, na aliporudi akaambiwa: mama amesafiri. Akamngoja. Aliambiwa ukweli akiwa darasa la nne, na mtoto mwenzake, wakigombania kamba ya kuruka.

Katika kazi yangu ya unasihi neno hilo "amesafiri" nimelisikia kutoka kwa watu wengi mno. Waliolisema walikuwa na huruma, sina shaka. Lakini misiba yetu ina matanga, majirani wanaolala mikekani, arobaini. Mfiwa hupewa ruhusa ya kulia na watu wa kulia nao. Mtoto yule alinyimwa vyote viwili. Alipokua na kuanza kuuliza, akajibiwa: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Methali hiyo naipenda, ila naumia inapotumiwa kumnyamazisha mtu ambaye ndwele yake haijagangwa hata siku moja. Huyo hasahau. Anameza tu.

Na kumeza kuna gharama. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, alichapisha jaribio ambalo watu waliambiwa wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na kila akiwajia akilini wapige kengele. Walipiga sana. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Kama dubu ambaye hakumdhuru mtu anarudi hivyo, mama je?

Kwa hiyo sikumwambia asahau. Nilimwomba aandike, dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, yaliyotokea pamoja na alivyojisikia, bila kujali herufi wala sarufi. Njia hii ilipimwa na James Pennebaker na Sandra Beall, utafiti wao ukatoka mwaka 1986. Wanafunzi walioandika tukio pamoja na hisia zake walitoka na huzuni zaidi siku hizo hizo, lakini katika miezi 6 iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Hiyo huzuni ya mwanzo huwa naitaja mapema, maana wengi wakiiona hudhani wanazidi kuharibika na kuacha. Na kama kidonda ni kibichi, au mtu anawaza kujidhuru, asianze na daftari peke yake. Aende hospitali au kwa mnasihi, leo.

Siku ya nne aliandika mstari mmoja tu: "Mlinidanganya." Akaniuliza kama kukubali maana yake ni kusema walifanya sawa. Hapana. Huko kungekuwa kuridhia. Kukubali ni kusema: lilitokea, lilinitokea mimi, na kungoja kumekwisha. Kusamehe ni safari nyingine, nami simharakishi mtu kuianza. Nimeona watu wakisamehe kwa mdomo ili mkutano wa familia uishe, kisha hawalali.

Miezi miwili baadaye alimfuata mama yake mdogo kijijini, akamwomba ampeleke kaburini. Mama mdogo ndiye aliyelia kwanza. "Hatukujua tukuambie nini, mwanangu," akasema, kisha akamsimulia siku ya maziko tangu asubuhi: nani alikuja, mvua ilinyesha saa ngapi, nani aliuliza mtoto yuko wapi.

Honi bado humshtua alfajiri nyingine. Huamka, akawasha jiko, akabandika chai, na basi likapita.