“Fundi, feni inazunguka lakini dari inazidi kuwa nyeusi”

Simu za aina hii huanza Juni na kuzidi Julai, baridi ya Nairobi inapofanya kila mtu afunge madirisha na kuanika nguo ndani. Mwaka jana niliitwa Roysambu, ghorofa ya tatu, bafu lisilo na dirisha, lenye feni ya kutolea hewa. Mama mwenye nyumba alikuwa amepaka rangi mara mbili, na mara zote mbili ukungu ukarudi. “Na feni iko,” akaniambia. “Sikiliza, si inalia?”

Ni kweli ilikuwa inalia. Nikapanda ngazi, nikatoa kifuniko, nikamulika kwa tochi ya simu. Hakukuwa na bomba la kupeleka hewa nje. Feni ilikuwa inasukuma mvuke wote kwenye uwazi ulio kati ya dari ya jipsamu na slabu ya zege, basi. Nikabonyeza dari kwa kidole, kikazama kama kwenye ugali uliolala.

Hii ndiyo dhana inayoharibu nyumba nyingi kuliko zote: kwamba feni ikizunguka, hewa imetoka. Ukweli ni kwamba hewa hutoka pale tu inapokuwa na njia ya kufika nje ya jengo. Bomba liwe fupi na lililonyooka, kwa sababu kila kona hupunguza nguvu, na lile bomba laini la mikunjo likiachwa linaning’inia hukusanya maji tumboni. Feni ya propela inafaa inapotoboa ukuta na kutokea nje hapo hapo. Kama hewa itasafiri mita tatu nne juu ya dari, tafuta ile ambayo mapanga yake yamepangwa mviringo kama kizimba; hiyo ndiyo yenye kifua cha kusukuma.

Dhana ya pili ni pacha wa hiyo: “Funga mlango kabisa ili feni ivute vizuri.” Ivute nini sasa? Hewa haiwezi kutoka chumbani kama hakuna nyingine inayoingia. Pima mwenyewe kwa karatasi ya choo. Washa feni, bandika kipande kwenye kifuniko chake. Kikinata, vizuri. Kisha funga mlango. Kikianguka, feni yako ni nzima ila bafu limezibwa. Uwazi wa sentimita moja na nusu au mbili chini ya mlango hutosha, na seremala hukata mlango kwa dakika chache.

Kuhusu ukubwa, watu hukimbilia kubwa wakidhani ndiyo dawa. Chukua bafu la mita 2 kwa 1.5, dari ikiwa mita 2.6: hewa iliyomo ni mita za ujazo 7.8. Kanuni inayotumika sana ni kubadilisha hewa ya bafu mara 8 kwa saa, yaani kama mita za ujazo 62. Feni ndogo ya inchi 4 iliyoandikwa mita za ujazo 90 hivi kwa saa inatosha, ikiwa na akiba kidogo, kwani namba ya kwenye kisanduku aghalabu ni ya feni isiyofungwa bomba lolote. Ukikuta wameandika CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa.

Halafu kuna hofu ya tokeni za umeme kuisha. Nimeona nyumba ambazo feni imezimwa kabisa “isimalize stima”, na ukutani kuna shawa ya umeme. Tufanye hesabu. Feni ya wati 20 ikiwashwa saa moja kila siku, mwezi mzima inakula yuniti 0.6. Shawa ya wati 5,000 kwa dakika 10 inakula yuniti 0.8 na ushee. Kuoga mara moja, mtu mmoja, kumepita feni ya mwezi mzima! Iache ifanye kazi dakika 15 au 20 baada ya kuoga. Kosa letu mafundi ni kufunga feni na taa kwenye swichi moja: mtu akitoka anazima vyote, mvuke unabaki ndani. Dai swichi yake peke yake.

Na nisisikie mtu akisema feni inamruhusu kulala na jiko la makaa ndani. Gesi ya kaboni monoksidi ya makaa huua, na haina harufu wala rangi; na stima ya mtaani unaijua inavyokatika.

Sasa taa. “Nipe ya wati nyingi” ni lugha ya enzi za balbu ya waya. Wati ni kile unacholipia, mwanga hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi. LED ya wati 9 inatoa zizo hizo. Ukiwa kwenye maduka ya umeme ya Luthuli, Nairobi, geuza kisanduku usome lumeni, uachane na yale maandishi makubwa ya “sawa na wati 100”.

Weupe nao si nguvu. Kelvini hupima rangi ya mwanga: 6,500 ni nyeupe tu, na balbu ya 3,000, ya manjano, yenye lumeni zilezile ina mwanga uleule. Mimi sebuleni ningeweka 3,000, jikoni 4,000. Sisi giza hutuingilia saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, kwa hiyo sebule yenye mwanga wa hospitali utaishi nayo kila jioni.

Jikoni kuna ugonjwa mwingine: spotlaiti kumi na mbili kwenye jipsamu, zimepangwa katikati, na mpishi bado anakatia kitunguu kwenye kivuli chake mwenyewe. Taa ikiwa nyuma yako, mwili wako ndio pazia. Mkanda mmoja wa LED chini ya kabati, mbele ya mikono, unashinda zote.

“LED haipati joto” pia si kweli. Joto lake hurudi nyuma, shingoni, kwenye sakiti. Balbu iliyoandikwa saa 15,000, ukiiwasha saa 5 kwa siku, ni miaka minane. Ifungie ndani ya kioo kisichopumua uone kama itafika hata nusu ya hapo. Na bafuni usiweke taa yoyote tu: tafuta alama ya IP, inayoonyesha taa inavyozuia maji na vumbi; IP44 kwa kawaida, IP65 ikiwa juu ya shawa. Kabla ya kutoka nyumbani beba balbu iliyoungua, usije ukanunua ya skrubu na holda yako ni ya pini.

Kule Roysambu tuliishia kutoboa ukuta wa nje, tukapitisha bomba la inchi 4 lililoinamia nje kidogo ili maji yasirudi kwenye mota, na kukata kipande cha jipsamu kilichooza. Mama ameridhika. Mumewe bado anashikilia kwamba ile rangi ndiyo ilikuwa feki.