Kuzuia faili tuli kwenye eneo la wanachama

Faili tuli ni faili ambalo seva humtumia mtu kama lilivyo, bila kulitengeneza upya: PDF, picha, sauti, video. Ukurasa wa wanachama ni jambo jingine. Huo huandaliwa na programu ya tovuti kila unapoombwa, na programu huanza kwa kuangalia kama anayeomba ameingia kwa nywila yake. Faili tuli halipiti kwenye ukaguzi huo. Nginx au Apache, yaani programu zinazoendesha seva, hulichota kwenye folda na kulituma moja kwa moja, maana njia hiyo ni ya haraka na haiilemei seva.

Kwa hiyo tovuti inaweza kuwa na ukurasa uliofungwa na mafaili yaliyo wazi. Tuseme ni tovuti ya WordPress, na ripoti ya wanachama iko kwenye /wp-content/uploads/2024/03/ripoti.pdf. Asiye mwanachama akifungua ukurasa ataambiwa aingie kwanza. Akitumiwa anwani ya ripoti yenyewe, anaipakua bila kuulizwa lolote. Kulihakikisha hilo ni rahisi: nakili kiungo cha faili, fungua dirisha la faragha la kivinjari ambamo hujaingia, kibandike. Faili likifunguka, halina ulinzi wowote.

Wengine hulipa faili jina refu lisilokisika. Hiyo ni kuficha tu, kwani jina hilo linabaki kwenye historia ya kivinjari na kwenye kila ujumbe lilikotumwa. Kulitaja folda kwenye robots.txt ni vibaya zaidi: robots.txt ni faili la ombi tu kwa injini za utafutaji, na mtu yeyote anaweza kulisoma akajua unachoficha kiko wapi. Nazo kanuni za .htaccess (faili la maagizo kwa seva linalowekwa ndani ya folda) hufanya kazi kwenye Apache. Nginx haizisomi kabisa. Ukihamia seva ya Nginx, ulinzi uliotegemea kanuni hizo unatoweka bila onyo.

Kinachozuia kweli ni kuyatoa mafaili kwenye folda la umma, ili pasiwe na anwani inayoyafikia moja kwa moja. Kiungo kielekee kwenye programu, programu ihakikishe kwamba anayeomba ni mwanachama, ndipo faili litoke. Si lazima programu yenyewe ibebe video nzito. Kwenye Nginx, programu hujibu kwa kichwa (mstari wa maelezo unaotangulia jibu) cha X-Accel-Redirect, na seva inaifanya kazi ya kutuma. Njia hiyo ya ndani ikiwekewa agizo la internal, anayejaribu kuifikia kutoka nje anapata 404, yaani ujumbe kwamba hakuna kitu hapo. Apache nayo ina moduli ya mod_xsendfile kwa kazi hiyohiyo.

Mafaili yakiwa kwenye hifadhi kama Amazon S3, programu hutoa kiungo chenye sahihi ya kidijitali na muda wa kuisha. S3 inaruhusu hadi siku 7, lakini mimi ningeweka dakika chache, kwa sababu kabla muda haujaisha, yeyote mwenye kiungo hicho anaweza kukitumia.

Kuna jambo moja husahaulika hata baada ya kazi yote hiyo. Kama tovuti inapita kwenye CDN (mtandao wa seva zinazohifadhi nakala za mafaili karibu na wasomaji), nakala za zamani zinaweza kuendelea kutolewa kutoka huko ingawa faili limeshahamishwa. Zifute, kisha weka kichwa cha Cache-Control: private kwenye majibu ya mafaili ya wanachama, ili CDN isiyahifadhi.